Bushi ya mpira: ya kukata au ya moldi?

Fundi wa Moshi akikukatia bushi, yaani kipande cha mpira chenye tundu kinachokaa kati ya vyuma, kwenye tairi kuukuu, unaondoka nayo leo leo na bei haiumi. Ila itazame kwa karibu: nyuzi zimechomoza pembeni, tundu limekaa upande. Ikilowa oili inavimba.

Ya moldi ni habari nyingine. Mpira mbichi uliochanganywa na salfa unawekwa ndani ya moldi, yaani chuma cha moto chenye umbo la kipande, nyuzijoto 150 hadi 180 hivi, unabanwa kwa presi mpaka uive. Uliofurika pembeni unakatwa kwa wembe. Taja oili mapema, wakuwekee mpira wa nitrili, unaostahimili oili. Kinachouma ni kuchongesha moldi, kwa hiyo kipande kimoja hakilipi.

Trela la shamba? Nakata tairi. Sili ya pampu, ile ya kuzuia kuvuja, sithubutu.