Njia nzuri, tyubu ya kijinga

Nianze na tyubu, maana nikianza na mandhari nitajikuta nimeshawasamehe waliotukodishia baiskeli kabla sijasema.

Tyubu ya akiba waliyotuwekea kwenye kimfuko chini ya siti ilikuwa na mdomo mnene, kama wa gari. Rimu ya baiskeli yangu imetobolewa kwa ajili ya mdomo mwembamba, ule wenye kinati unachokilegeza kabla ya kutia upepo. Mnene haupiti kwenye tundu la mwembamba. Usukume, uuzungushe, uutemee mate, haupiti. Hilo fundi baiskeli yeyote wa chini ya mwembe analijua. Kampuni inayokodisha baiskeli kwa watu wanaokwenda kulala porini haikulijua, au ililijua na haikujali. Mpaka leo sijaamua lipi baya zaidi.

Tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, mwishoni mwa kiangazi, tukitoka Cumberland, Maryland, kushuka na Mto Potomac mpaka Georgetown, Washington. Ni njia ya zamani ya nyumbu, wale wa punda na farasi, waliokuwa wakivuta mashua kando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, wenyewe wanauita C&O. Maili 184 na nusu, karibu kilomita 300, na gari halipiti. Kampuni inakupakia wewe na baiskeli zake kwenye kigari, inakushusha Cumberland, halafu utajijua. Dereva aliyetupeleka hakuitikia hata salamu. Nikamwambia wifi labda kachoka.

Siku ya kwanza, kusema haki, sina neno. Chini udongo na kokoto ndogo, juu miti imekumbatiana. Mfereji mahali pengine una maji ya kijani yaliyolala, pengine umekauka mpaka miti mikubwa imeota ndani yake. Kobe wamejipanga kwenye gogo. Ukikaribia wanadondoka majini mmoja mmoja, chubwi, chubwi. Baada ya saa mbili nilikuwa nasikia cheni yangu mwenyewe. Wifi, ambaye tangu nimfahamu sijawahi kumsikia kanyamaza, alinyamaza. Njia inashuka bila miguu kujua, kwani mteremko wote mpaka Georgetown ni futi 605 tu, na zamani mashua zilishushwa hatua kwa hatua kwenye vyumba 74 vya mawe vyenye milango ya maji. Kwenye vile vyumba kamba za mashua zimechimba mawe, zikaacha michirizi ambayo kidole kinaingia. Changu kiliingia.

Na ukimya ule una wenyewe waliouhangaikia. Mwaka 1954 kulikuwa na mpango wa kuigeuza njia hii barabara ya magari, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani akawaambia wahariri, njooni tuitembee yote kwa miguu mjionee. Ilikuwa safari ya siku nane. Walioifika tamati ni watu tisa, yeye akiwemo, na gazeti likalegeza kauli. Mwaka 1971 ikawa hifadhi ya taifa ya kihistoria. Jaji mzima alitembea siku nane ili mimi nisipigiwe honi, halafu mtu wa stoo kashindwa kulinganisha mdomo wa tyubu na tundu la rimu!

Basi tukafika kwenye handaki la Paw Paw. (Jina lisiwadanganye, pawpaw ya kule si papai, ni tunda jingine kabisa la miti inayoota kando ya mto.) Lina urefu wa futi 3,118, karibu mita 950, na ndani limejengewa matofali kiasi cha milioni sita. Walianza kulichimba 1836 wakidhani miaka miwili itatosha. Fedha zikakatika, wachimbaji wakagoma, wakapigana, likaja kufunguliwa 1850. Unashuka kwenye baiskeli, unawasha tochi, unasukuma, maji yanakudondokea shingoni. Humo mashua mbili zilikuwa hazipishani, na inasimuliwa kwamba manahodha wawili waliwahi kukutana katikati, kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa mpaka wakafukizwa kwa moshi. Tulicheka sana na wifi, sauti zetu zikarudi kutoka gizani. Haikupita muda mrefu nikawa nahodha wa tatu.

Kama dakika ishirini baada ya kutoka handakini, tairi la nyuma likalala. Sawa, pancha ni ya Mungu. Nikateremsha mifuko, nikaipindua baiskeli, nikatoa tyubu ya akiba, na hapo ndipo nilipoonana na ule mdomo mnene. Basi nipige kiraka. Viraka vilikuwemo, vitatu, vizuri. Solusheni ilikuwa imekauka ndani ya tyubu yake, ukiiminya inatoa kisauti tu. Simu haishiki mtandao, bonde lote lile wifi pekee ilikuwa huyu wangu.

Tulisukuma baiskeli na mizigo kwa saa moja na nusu. Mahali mto ulipopinda nikapata vijiti viwili vya mtandao, nikaipigia kampuni.

"Ulisaini fomu kwamba umekagua vifaa?" Ndiyo salamu yake.

"Nilisaini. Lakini tyubu mliyonipa haiingii kwenye rimu yenu."

"Sisi tunakodisha baiskeli, hatukodishi mafundi."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mbele kuna mji."

Mji wenyewe ni Hancock, karibu kilomita arobaini mbele, na jua linaelekea kuzama. Nikamwambia siondoki kwenye simu mpaka anipe jibu la mtu mzima. Akasema na yeye haondoki. Tukakaa hivyo, kila mmoja anapumua.

"Wifi, kata simu, unamaliza chaji bure."

"Sikati."

"Wifi, nakuomba."

Chaji ilikata yenyewe.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anapanda kuelekea Cumberland peke yake. Tulisikia kengele yake kabla hatujamwona (kengele ni sheria ya hifadhi, na ya kwangu ndiyo kifaa pekee cha kampuni kilichofanya kazi safari nzima). Hakuuliza maswali mengi. Alitoa tyubu, akaitia upepo, akaipitisha taratibu karibu na midomo yake mpaka aliposikia pumzi inamgusa. Akakwangua, akapaka solusheni yake, akasubiri ikauke kidogo, akabandika. Mimi nilikuwa nishaanza kurudishia tairi, akanishika mkono. Akapitisha kidole gumba ndani ya tairi lote, polepole, akaukuta mwiba bado umekaa pale pale unanisubiri. Ungeitoboa tyubu tena ndani ya dakika tano. Pesa alikataa. Alichotaka kujua ni kama bomba la kambi ya nyuma yetu lina maji. Lilikuwa nayo. Kambi za baiskeli kule ni za bure, zimepangwa kila maili chache, zina bomba la mkono, meza na choo, na hakuna mtu wa kukuuliza ulisaini nini.

Zilizobaki ni siku kadhaa ambazo nilikuwepo kimwili. Fort Frederick, ngome ya mawe ya 1756, niliegemea ukuta wake nikitunga barua ya malalamiko. Harpers Ferry, mahali John Brown alipovamia ghala la silaha mwaka 1859 akitaka kuwakomboa watumwa, wifi alisimama kimya muda mrefu, akageuka kuniambia kitu, akanikuta nimeinama nabonyeza tairi. Bado linanikera hilo kuliko pancha yenyewe. Kwenye daraja la Monocacy ndipo nilipojisahau kwanza. Lina matao saba ya mawe, lilikamilika 1833, na kazi yake ilikuwa kuubeba mfereji mzima, maji na mashua zake, kuuvusha juu ya mto mwingine. Tulikaa pale mpaka vivuli vya matao vikafika ng'ambo. Sikugusa tairi.

Kwa hiyo kampuni naipa alama ngapi? Nilipofika Georgetown nilikuwa nimepanga kuwapa moja, kwa kuwa sifuri hawaruhusu. Halafu nikatulia, nikakumbuka kwamba baiskeli yenyewe ilikuwa nyepesi, breki nzuri, gia hazikuruka hata mara moja, na fomu nilisaini bila kufungua kimfuko. Wifi ananikumbusha hilo kila wiki. Nikasema tatu. Nikaingia dukani kwao kurudisha vitu, nikamweleza dada wa kaunta tangu mwanzo hadi mwisho, naye akaniangalia, akasema, "Lakini si mmefika?"

Moja.

Njia ni mambo mengine. Njia naipa zote, na kama una miguu miwili na siku sita, nenda, hata mvua ikinyesha na ule udongo ukakung'ang'ania magurudumu. Nenda na baiskeli yako, au fungua kila kimfuko mbele yao kabla hujashika kalamu, na solusheni nunua mwenyewe. Au nenda nao, sijui, labda siku hiyo stoo alikuwepo mtu mgeni. Hapana. Usiende nao.

Tyubu sikuwarudishia. Iko hapa mezani, mdomo wake mnene juu. Wameniandikia kwamba wasipoiona watanikata dola kumi na mbili. Wakate.