Ziara ya Umoja wa Mataifa, New York: muulizieni chumba cha Baraza la Udhamini

Nyota 5. Kwetu ni Leguruki, Meru, Tanzania, ila sasa naishi Maryland, Marekani. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 14. Tiketi nilikata mtandaoni. Fikeni mapema na vitambulisho, ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege, na watoto wa chini ya miaka 5 hawaruhusiwi.

Ukumbi wa Baraza Kuu ni mzuri, kila mtu hupiga picha pale. Mimi nilikuja kwa ajili ya Baraza la Udhamini, lililosimamia nchi zilizowekwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa hadi zijitawale. Chumba kilipambwa na Denmark: kuta za mbao, na sanamu ya mti wa msaji ya mwanamke aliyeinua mikono akimwachia ndege aruke. Baraza lenyewe lilisimamisha kazi Novemba 1994, Palau ilipokwisha kujitawala, ya mwisho kati ya nchi 11 zilizowekwa chini ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwingereza alitutawala, lakini alitakiwa kupeleka taarifa huku kila mwaka, na mwananchi aliruhusiwa kumshtaki.

Wameru tulimshtaki. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, hukohuko kwetu Meru, nyumba zikachomwa, mashamba wapewe walowezi. Bibi yangu alikuwemo, akiwa na mtoto mgongoni. Watu wakachanga nauli, na 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenzetu, akafika New York kueleza. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili kwenye Baraza Kuu. Bibi alikuwa akisema, "Ardhi hatukupewa, lakini Mwingereza aliitwa ajieleze, tena mbele ya mtu wetu." Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Nyerere naye akalihutubia Baraza hilo la Udhamini, nauli yake ikiwa imechangwa vilevile.

Mwongozaji wetu, dada mpole sana, aliposikia ninatoka Tanzania aliniomba niwasimulie wenzangu. Sauti ilinikwama nilipofika kwenye nyumba zilizochomwa. Walinisubiri, hakuna aliyeangalia saa, ingawa ziara nzima ni kama saa moja tu.

Kama kuna kikao, chumba hufungwa, kwa hiyo ulizeni mapema. Siku yetu viti vilikuwa vitupu. Binti yangu alinipiga picha pale, na jioni hiyohiyo tukamtumia mama yangu Leguruki. Yeye ndiye yule mtoto wa mgongoni.