Nta ya soya na utambi wake: ununue nini kwanza kwa mishumaa ya gilasi

Wengi wanaoanza kutengeneza mishumaa ya gilasi humaliza bajeti kwenye nta na manukato, kisha huchukua utambi wowote uliopo dukani. Mimi ningegeuza mpango huo. Nta nyingi za soya zilizopo sokoni zinafaa kabisa. Mshumaa mmoja ukiwaka vizuri hadi chini na mwingine ukajichimbia shimo katikati, mara nyingi tofauti yao ni utambi. Lawama, hata hivyo, huangukia nta, na mtu hununua nta nyingine, kisha nyingine tena, huku tatizo likibaki palepale. Chagua nta moja utulie nayo. Tambi ndizo za kununua za namba mbalimbali.

Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyotiwa haidrojeni mpaka yakaganda. Ilianza kutumika kwenye mishumaa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipotafutwa nta nafuu kuliko ya nyuki. Ni laini na huyeyuka kwa joto dogo, ndiyo maana makao yake ni ndani ya gilasi au bati. Ikiyeyuka huwa nzito kuliko parafini (nta itokanayo na petroli, si mafuta ya taa), kwa hiyo hupanda kwenye utambi kwa taabu zaidi. Gilasi ileile iliyowaka vizuri kwa parafini na utambi mwembamba huhitaji utambi mnene zaidi ukiijaza soya.

Soma lebo kwa makini. Maneno "mchanganyiko wa soya" hayasemi soya ni kiasi gani. Huenda zaidi ya nusu ni parafini. Muuzaji makini atakupa karatasi ya maelezo inayoonyesha nta inayeyuka kwa nyuzi ngapi, imwagwe ikiwa na joto gani, na inabeba manukato kiasi gani. Asipokuwa nayo, tafuta mwingine.

Nta, kuanzia ile ningeinunua kwanza

1. Soya iliyotiwa viungio kiwandani kwa ajili ya vyombo. Hapa Golden Brands 464 ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa anayeanza naiweka juu ya zote. Huja katika vipande vidogo bapa vinavyopimika kwa urahisi. Viungio vyake hupunguza ule utandu mweupe unaotokea soya inapoganda, na huisaidia kushika manukato. Watu wengi huipasha hadi nyuzi 85 za Selsiasi, hutia manukato na kukoroga taratibu kwa dakika mbili, kisha humwaga ikishuka karibu na nyuzi 57. Faida yake kubwa ni kwamba imetumiwa na watu wengi mno, kwa hiyo jedwali la kuoanisha gilasi na utambi hulikosi.

Udhaifu wake ni joto. Huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 48, hivyo ikiachwa ndani ya gari juani au ikisafirishwa wakati wa joto kali hulainika na kutoa jasho la mafuta juu. Kama unaishi mahali pa joto, chukua 444 ya mtengenezaji huyohuyo, inayoyeyuka kati ya nyuzi 49 na 52. NatureWax C-3 ya Cargill nayo huvumilia joto kuliko 464.

2. Soya na nazi. Nta ya nazi ni laini sana ikiwa peke yake, lakini ikichanganywa na soya hutoa uso laini usio na mashimo na hutawanya harufu vizuri mshumaa ukiwaka. NatureWax C-6 iko katika kundi hili. Naipa nafasi ya pili kwa sababu mbili: kwa kawaida ni ghali kuliko soya ya kawaida, na michanganyiko hii hutofautiana mno, hivyo utambi uliofaa kwa mmoja usidhani utafaa kwa mwingine. Mwenye uzoefu kidogo anaweza kuanzia hapa bila hofu.

3. Soya na parafini. IGI 6006 ndiyo mfano wake. Parafini ni takriban asilimia 70. Harufu yake ni kali, rangi hukolea vizuri, na haihitaji kusubiri muda mrefu kama soya kabla ya kuwashwa. Kama harufu kujaa chumba kizima ndilo jambo la kwanza kwako, ipandishe hadi namba moja, sitabishana nawe. Sharti ni kwamba usimwambie mtu kuwa ni mshumaa wa soya. Anayenunua mshumaa wa soya ana sababu zake, na ni haki yake kujua anachowasha nyumbani kwake.

4. Soya tupu, isiyo na kiungio chochote. Golden Brands 415 ni ya aina hii. Inamfaa mtu aliyeamua kwa dhati kwamba hataki kingine ndani ya gilasi. Ajiandae kuona utandu mweupe kwenye kuta na juu, hasa akitia rangi. Utandu huo ni fuwele za mafuta zinazojipanga upya nta inapopoa. Hauharibu uwakaji wala harufu, ila humkera anayetaka mshumaa wa kupigwa picha.

5. Kujichanganyia mwenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, kwa hiyo kuongeza asilimia 5 hadi 10 hukaza soya na kupunguza utandu. Lakini pia hufifisha harufu na hudai utambi wenye nguvu zaidi. Kila ukibadilisha kipimo, majaribio ya utambi yanaanza upya. Jambo hili liache mpaka uwe na mshumaa mmoja unaouamini.

Nunua mfuko mdogo kwanza, lakini uwe wa kutosha majaribio yote. Gilasi yenye ujazo wa mililita 250 mpaka pale unapotaka nta iishie huchukua takriban gramu 220. Ukitia manukato asilimia 8 ya uzito wa nta, hiyo ni gramu 204 za nta na 16 za manukato. Pima kwa mizani, usipime kwa vijiko, kwa sababu mafuta ya manukato hayana uzito mmoja.

Tambi

Kabla ya kununua, pima kipenyo cha ndani cha gilasi, pale nta itakapokaa. Gilasi nyingi ni pana mdomoni na nyembamba kitakoni, au kuta zake ni nene kuliko zinavyoonekana. Kipimo cha nje kitakupa utambi mkubwa kuliko unaotakiwa.

Namba za tambi, yaani ukubwa wake, hazilingani kati ya jamii moja ya tambi na nyingine. ECO 10 na CD 10 ni tambi mbili tofauti kabisa. Usikubali muuzaji akubadilishie moja kwa nyingine eti kwa sababu namba ni ileile.

Chaguo langu la kwanza kwa soya ni CD, utambi bapa wa pamba uliosukwa pamoja na nyuzi za karatasi. Ukiwaka hujipinda kidogo, ncha ikatoka pembeni mwa mwali na kuungua yenyewe, kwa hiyo haiachi masalia mengi. Namba zake zimekaribiana, na hilo lina thamani kuliko linavyoonekana: mara nyingi unachohitaji ni kupanda au kushuka hatua ndogo tu, na jamii yenye namba zilizoachana hukurusha kutoka mwali dhaifu hadi mwali mkali.

ECO unafuata kwa karibu. Nao ni bapa, wa pamba na nyuzi za karatasi, na unapendwa sana kwa nta za mimea. Una joto la kutosha kwa soya nzito, ila huota kichwa cheusi chenye umbo la uyoga, hasa manukato yakiwa mengi. Kichwa hicho kikiachwa, mwali hurefuka na masizi huanza. Anayekumbuka kukata utambi kila mara hatapata shida.

Utambi wa mbao naupa nafasi ya tatu. Mlio wake unapowaka ni mzuri kweli, na mwali wake mpana hupendeza. Lakini kuuwasha ni kazi, hukatwa mfupi hadi milimita 3 hivi, na unene wa ubao hubadilisha kila kitu. Ununue ukishafaulu na pamba.

Utambi wenye kiini cha zinki ni wa mwisho kwa kazi hii. Husimama wima vizuri na hufaa parafini, lakini kwenye soya mara nyingi joto lake halitoshi. Zinki si risasi. Tambi zenye kiini cha risasi ndizo zilizopigwa marufuku Marekani mwaka 2003. Ukikutana na utambi wenye waya ndani na muuzaji hajui ni waya gani, uache.

Chochote utakachochagua, fungua jedwali la muuzaji wa nta uliyonunua na utafute kipenyo chako. Likisema CD 12, nunua 10, 12 na 14. Gilasi ikizidi sentimita 9 au 10, utambi mmoja huenda usitoshe. Fikiria tambi mbili ndogo. Angalia pia kikalio cha chuma kinachoshika utambi. Kiwe na shingo, kwa sababu shingo ndiyo inayouzima mwali kabla haujagusa kitako cha gilasi.

Kujaribu kabla ya kununua kwa wingi

Tengeneza mishumaa mitatu inayofanana kwa kila kitu isipokuwa utambi. Gilasi ile ile, manukato yale yale kwa kipimo kile kile, imemwagwa siku moja. Funika, kisha iache ikomae wiki moja hadi mbili. Soya inayowashwa siku ya pili hutoa harufu hafifu, na mtu hukimbilia kuongeza manukato yasiyohitajika.

Kata utambi ubaki milimita 6. Washa mahali pasipo upepo, usiondoke, uache uwake saa 4, uzime, upoe kabisa, ukate tena, uwashe tena. Fanya hivyo mpaka mwisho wa gilasi. Kila saa andika upana na kina cha dimbwi la nta iliyoyeyuka, urefu wa mwali, kama una moshi, na kama gilasi inashikika.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanasoma kwamba dimbwi lapaswa kufika ukutani, wanawasha mara ya kwanza, wanaona utepe mwembamba wa nta umebaki pembeni, wanapanda namba. Soya haihukumiwi kwa siku ya kwanza. Kanuni ya kawaida ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo, na hata hivyo utepe ule mara nyingi huyeyuka wenyewe mshumaa ukifika katikati, kwa sababu mwali ukishazama ndani ya gilasi, joto halitoki kwa urahisi. Utambi unaofika ukutani ndani ya saa ya kwanza, gilasi ikiwa imejaa, unapendeza siku hiyo. Ukifika robo ya mwisho, mwali unachezacheza, uzi mweusi wa moshi unapanda, ukingo wa gilasi unapakwa masizi upande mmoja, na ukuta hauguswi. Huo ni mkubwa mno. Kati ya tambi mbili zinazokaribiana, chukua ndogo.

Dimbwi lenye kina cha milimita 6 hadi 12 linatosha. Kwa joto la nje la gilasi, watengenezaji wengi hujiwekea kikomo cha nyuzi 60, kinachopimika kwa kipimajoto cha mionzi ya infraredi. Zima kabisa nta ikibaki milimita 12 chini, wala usijaribu kumaliza kilichobaki. Mwali ukishindwa kuzimika au nta ikishika moto, funika kwa mfuniko. Maji yasisogee karibu.

Upande wa pili, utambi mdogo huonekana mapema: mwali unazama, dimbwi ni jembamba, na nta inabaki ukuta mzima hata baada ya kuwasha mara ya tatu. Hapo panda hatua moja.

Manukato nayo hubadilisha matokeo. Harufu nzito kama vanila hudai utambi mkubwa kidogo kuliko harufu nyepesi za machungwa, na vanila mara nyingi hugeuza nta nyeupe kuwa ya kahawia. Ukitaka rangi, nunua rangi za mishumaa. Penseli za nta za watoto zina chembe zinazoziba utambi, na utahangaika kutafuta namba isiyokuwepo.

Gilasi iwe imetengenezwa kwa ajili ya mishumaa, isiyo na mkwaruzo wala ufa. Gilasi nyembamba ya kunywea inaweza kupasuka ikiwa na nta ya moto ndani.

Andika namba ya shehena iliyo kwenye mfuko wa nta. Soya ni zao la shambani, na mfuko mpya wa chapa ileile unaweza kuganda au kuwaka tofauti kidogo na ule wa mwanzo. Kabla ya kumwaga gilasi nyingi kutoka mfuko mpya, mwaga moja kwa utambi uliokwisha kuuthibitisha, iache ikomae, uiwashe mpaka chini.