Koilova za Gari la Uwanjani kwa Sisi wa Malindi: Kagua Ringi Kabla ya Springi

Mwongozo huu umetokana na malalamiko. Msomaji wa Watamu mwenye Subaru Impreza alinunua seti iliyokwishatumika ya koilova, yaani shokapu za kushusha na kunyanyua gari, akaishusha gari, akaenda kuikimbiza kwenye uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River, akarudi salama. Shida ilimpata nyumbani. Alipotaka kuinyanyua tena ivuke matuta ya barabara ya Mombasa, ringi zinazobeba springi hazikugeuka. Fundi alianza na nyundo na patasi, akamalizia kwa moto wa gesi. Sili zikaungua, mafuta yakamwagika, na shokapu mbili zikawa chuma chakavu.

Ujumbe wa namna hii ninaupata mara kwa mara, na karibu wote unatoka ukanda wa bahari. Kwa hiyo sitaandika juu ya ugumu wa springi wala idadi ya kliki, zile hatua za kurekebisha ugumu wa shokapu. Muuzaji yeyote atakumwagia namba hizo kabla hujauliza. Nataka tuzungumze juu ya uzi, yaani meno ya skrubu yaliyo kwenye shokapu, na ringi.

Koilova ni shokapu yenye uzi kwa nje, na juu ya uzi huo hupanda na kushuka ringi inayobeba springi. Ukiishusha ringi, gari linashuka. Ndiyo maana tunalipa pesa nyingi kuliko za shokapu ya kawaida: gari lilale chini uwanjani, kisha linyanyuke kwa safari ya kurudi. Ringi ikishika, umenunua shokapu ya kawaida kwa bei ya juu.

Na huku kwetu hushika haraka. Koilova nyingi zina mwili wa chuma na ringi ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa, na hapa inayoliwa mara nyingi ni alumini. Unga mweupe unaouona kwenye uzi ni alumini iliyooza; huvimba katikati ya meno na kuikaba ringi. Wenzetu wa Nairobi hawalioni jambo hili kwa kasi yetu, na ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wasioishi na upepo wa kusi. Pita Gongoni na Marereni uone mabwawa ya chumvi, kisha ujiulize gari lako linapumua hewa gani.

Chaguo langu la kwanza ni KW Variant 3, na sina haja ya kuficha upendeleo wangu. KW ni Wajerumani wa Fichtenberg. Mwili wa shokapu hii ni wa chuma kisichoshika kutu, uzi wake una meno mapana yasiyoshikilia uchafu, na ringi yake si ya alumini bali ni ya plastiki ngumu. Hakuna metali mbili za kugombana. Pia unaweza kurekebisha kubonyea na kurudi kwa shokapu kila kimoja peke yake, na dereva anayejua anachokifanya atafaidika sana kwenye kona. Lakini hata isingekuwa na marekebisho hayo ningeiweka juu kwa ajili ya ule mwili na ile ringi. Variant 1 na 2 zina mwili huohuo, kwa hiyo mwenye mfuko mdogo aanzie hapo badala ya kukimbilia jina lingine.

La pili litawashangaza baadhi yenu: Bilstein B8 pamoja na springi fupi za Eibach. Hii si koilova. Haina uzi, haina ringi, haina cha kushika. Gari linabaki kwenye kimo kimoja, na hilo ni hasara kwa anayetaka kulishusha sana. Lakini Bilstein wamekuwa wakitengeneza shokapu za gesi za mrija mmoja tangu 1957, walipoanza na Mercedes-Benz, na shokapu ya namna hiyo hustahimili joto la mizunguko mfululizo kuliko ya mirija miwili. Kama gari lako ndilo linalopeleka watoto shule Jumatatu, na uwanjani unakwenda mara chache kwa mwaka, acha koilova kabisa, chukua hii. Ukitaka kubaki na springi za kiwandani, omba B6; B8 ni ya springi fupi.

Öhlins Road & Track ya Sweden ninaiheshimu sana. Valvu zake za DFV, zinazopitisha mafuta pande zote mbili, huliacha gari lipite juu ya mashimo bila kurusha abiria, huku kwenye kona limetulia. Hata hivyo inadai matunzo, na sisi huku hatuna mtaalamu wa kuifungua jirani.

BC Racing ya Taiwan ndiyo ninayoulizwa zaidi. Vipuri vya mfululizo wake wa BR huuzwa kimoja kimoja, na shokapu hufunguliwa ikatengenezwa upya. Ni mali nzuri, ila ringi ni za alumini. Ukiinunua, nunua na soksi za neoprini (mpira laini) za kufunika uzi siku hiyohiyo, na kila mwezi ipige jeki, weka alama ya rangi mahali ringi ilipo, izungushe kidogo, kisha uirudishe kwenye alama. Tein Flex Z imezibwa, haifunguliwi. Ikivuja unabadilisha shokapu nzima. Springi fupi juu ya shokapu za kawaida za KYB zinatosha kwa kuonekana mtaani, si kwa uwanja.

Yoyote utakayochagua, maji ya kuioshea yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na mtu anaosha gari kwa bidii kila wiki huku akiongeza chumvi. Tumia maji ya mfereji au ya mvua. Usipake grisi kwenye uzi: mchanga wetu hunasa humo na kuwa msasa. Ringi ikishika, usikubali moto hata kidogo. Shokapu za gesi zina naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa ndani. Fundi anayezichoma anaweza kuumia vibaya.

Sasa wauzaji. Nimechoka kuona uzi uliopakwa rangi nyeusi ya kopo na kuitwa "safi, imetoka Japani juzi". Rangi juu ya uzi ni ya kuficha kutu, haina kazi nyingine, maana ringi ikipita itaibandua. Nimeona seti ya shokapu nne ambazo mbili si pacha. Nimeona bei ikipanda mnunuzi akishataja kwamba gari ni la uwanjani, na ikipanda tena akisema anatoka Malindi, eti ni usafiri, wakati mzigo wenyewe ulishukia bandari ya Mombasa, ukapelekwa Nairobi, na sasa tunalipishwa kuurudisha Pwani. VAT ya 16% tumeielewa, ushuru tumeuelewa; safari hiyo ya kwenda na kurudi hakuna aliyewahi kunieleza. Tena unaambiwa utume pesa kwanza, picha utatumiwa baadaye.

Msitume. Nendeni na spana ya ndoano, na muuzaji azungushe ringi zote nne mbele yenu, kutoka chini ya uzi hadi juu, shokapu ikiwa bila springi. Koilova mpya nayo ifanyiwe hivyohivyo, kwa sababu kuna zilizokaa miaka kwenye ghala la Mombasa ndani ya boksi lililolowa. Anayesema hana muda wa kuzungusha ringi nne, mwachieni mali yake.