Paneli 26, siku nne, na dirisha linalotazama tangi la maji

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano bado ninayo mkononi, na kilichoizuia kipo kwenye kona ya sebule. Nitafika huko.

Nilichonunua ni ganda la nyumba ya paneli za mbao. Kampuni inachora, inatengeneza kuta na kenchi kiwandani kwake, inazileta kwa malori na kuzisimamisha. Msingi ni juu ya mwenye nyumba. Nyumba yenyewe haina ghorofa, ni mita 12 kwa 9, na imetimia kwa paneli 26: za nje 14, za ndani 12. Jina la kampuni silitaji kwa sababu mazungumzo yetu hayajaisha.

Kaka yangu ni mwashi, wa wale ambao mikono yao imekomaa kwa saruji. Nilipomwambia kuta zitakuja zimepangwa kwenye lori aliniuliza, "Mdogo wangu, hiyo ni nyumba au kabati?" Nikamwambia aje na timazi yake siku ya kusimamisha. Alikuja nayo kweli.

Kabla ya hapo nilikwenda kiwandani, na nakushauri usiagize bila kwenda. Msumeno unapokea vipimo moja kwa moja kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, kwa hiyo hutamwona mtu mwenye penseli sikioni. Nguzo zinapangwa kila milimita 600 juu ya meza ndefu ya chuma, zinapigwa misumari, kisha juu yake unalazwa ubao wa milimita 9 wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Ubao huo ndio unaoizuia fremu isilale upande. Halafu meza inainuka, meza ya pili inaipokea paneli, na paneli inageuka taratibu kama ukurasa. Sufi ya mawe, ile ya kuzuia joto na baridi kupenya, inajazwa kati ya nguzo, inafuata karatasi ya kuzuia mvuke, na madirisha yanatiwa palepale. Yote hayo chini ya paa, mbao zikiwa kavu. Nilimwona fundi akiung'oa msumari uliokwenda pembeni na kuupiga upya. Juu ya jukwaa, wingu limeshatanda, nani angeurudia?

Wanauza aina mbili. Paneli wazi inakuja na fremu na ubao wa nje tu. Sufi, nyaya na ubao wa ndani unamalizia wewe. Iliyofungwa inakuja kamili pande zote, hata mabomba ya nyaya yamo ndani. Nilichukua iliyofungwa kwa haraka zangu, na haraka hizo zilinitia adabu.

Kwenye nyumba ya tofali mtu anaamua huku ukuta unapanda. Unasimama pale, unasema "hapa tuongeze swichi", fundi anatindua, yamekwisha. Huku ukishatia saini michoro, umeshajenga. Mimi nilitia saini usiku, kurasa kumi na nane, macho yameshachoka. Siku tisa baadaye nikagundua kwamba dirisha la bafuni linaangalia mahali nilipopanga kuweka tangi la maji. Nikapiga simu kuomba lisogezwe sentimita 40. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana: paneli ile imeshakatwa, na kuibadili ni kutengeneza nyingine mpya kwa gharama yangu. Sikubadili. Siwalaumu, maana kwenye ukurasa wa kwanza waliandika kwa herufi nene kwamba baada ya saini hakuna kurudi nyuma. Ila wangeweza kuja kiwanjani mara moja kabla, waone kilichopo.

Msingi ndio ulionitoa jasho. Mkandarasi niliyemtafuta mwenyewe alimwaga zege zuri kwa macho. Siku mbili kabla ya malori kufika, msimamizi wa kampuni alikuja na leza na tepu. Mita 12 kwa 9 maana yake kona kwa kona lazima itoke mita 15 kamili, pande zote mbili. Ni ile tatu-nne-tano ambayo kila mwashi anaijua. Mshazari mmoja ulizidi kwa milimita 16, mwingine ukapungua milimita 16. Kaka akasema hilo ni jambo dogo, angelimeza kwenye udongo wa tofali kabla ya kozi ya tatu. Msimamizi akamjibu kwa adabu, "Ni kweli mzee, lakini paneli zangu hazina udongo wa kumezea."

Walichofanya kilinipendeza. Kwanza walifunga ubao wa chini, ule unaokaa juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, wakaupiga mraba wake wenyewe bila kufuata ukingo wa zege. Kosa wakaligawa, kwa hiyo kwenye kona moja ubao umetokeza nje milimita 10 na hauonekani tena. Palipobonyea waliingiza vipande vyembamba vya chuma hadi pimamaji ikatulia, kisha wakasindilia saruji isiyosinyaa chini yake. Nusu siku nzima wamepiga magoti, na hakuna ukuta hata mmoja. Kaka alinyamaza.

Kusimamisha kwenyewe nitakueleza kwa kifupi kwa sababu kulikwenda kwa kifupi. Watu watano na kreni. Wanaanzia kwenye kona: paneli mbili zikikutana zinashikana zenyewe, nyingine zinafuata huku zikiegemezwa kwa vyuma vya mshazari. Kuta zote zilikuwa juu mchana wa siku ya pili, kenchi zikapanda siku ya tatu, paa likafunikwa ya nne. Kwaruzo zilikuwa mbili. Lori la pili lilipakiwa vibaya: inayosimama kwanza hupakiwa mwisho, wao paneli ya jiko waliilaza chini kabisa, na kreni ikakaa saa mbili bila kazi. Ya pili ilikuwa upepo. Paneli ikiwa hewani ni tanga, na mwendesha kreni alishusha ndoano bila kumuuliza mtu. Hapo nampa heko.

Kaka aliteremsha timazi kwenye kila kona. Mbaya kuliko zote ilikuwa na milimita 3 toka juu hadi chini. Akalizungusha uzi lile timazi, akalitia mfukoni, akahamia kwenye swali jingine: "Na hivi viungo, vinashikwa na nini?"

Ndilo swali la kuuliza kampuni yoyote ya paneli. Mwaka 1968 huko London, mlipuko wa gesi kwenye ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, lenye ghorofa 22, ulisukuma nje paneli za zege, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Viungo ndivyo vilivyoshindwa, na kanuni za ujenzi za Uingereza zikabadilishwa baada ya hapo. Yangu ni mbao na haina kitu juu yake, lakini msimamizi hakucheka. Alimpandisha kaka kwenye ngazi, akamwonyesha ubao wa juu unaovuka kila kiungo ili paneli mbili zishikwe na ubao mmoja, kisha bolti zilizoshuka hadi kwenye zege.

Sasa kona ya sebule. Wiki ya kwanza baada ya kuhamia nilihisi kiubaridi miguuni. Nikamleta mpimaji. Alifunga feni kubwa mlangoni, ikavuta hewa ya ndani hadi tofauti ya shinikizo ikafika paskali 50, akapita na kijiti cha moshi. Ukutani moshi ulipanda wima. Kwenye madirisha, vilevile. Kwenye ile kona ulilala kama umepigwa kofi. Yaani paneli hazina tatizo, tatizo ni pale zinapokutana, na pale panamalizwa na mkono wa mtu kiwanjani.

Niliwatumia video siku hiyohiyo. Walikuja siku ya 36. Fundi alifungua ubao wa ndani akakuta mkanda wa kuziba kiungo umeishia sentimita 30 kabla ya sakafu. Roli lilikwisha na hakuna aliyefungua jingine. Alimalizia kazi kwa dakika ishirini, na baridi imekwisha. Sijapata barua wala neno la pole.

Ile nyota nitaitoa wakiniletea mchoro wa paneli kama zilivyojengwa, ambao nimeuomba mara tatu. Hadi leo nikitaka kutundika rafu nazunguka nikibisha hodi kwenye kuta zangu mwenyewe, natafuta nguzo.