Shokapu za Toyota Ist: mtumba au mpya? Nimefunga zote mbili

Habari zenu wadau, karibuni. Kabla sijasema lolote, angalieni hiki nilichoshika. Hii ni shokapu ya mbele kulia ya Ist yangu, nimeitoa juzi. Naisimamisha hapa mezani, naikandamiza kwa kiganja. Mmeona? Fimbo imezama bila ubishi. Naachia. Imebaki hukohuko chini.

Sasa hii ya pili ni mpya, ya gesi. Naikandamiza... inanisukuma, mpaka niilalie kwa uzito wa mwili. Naachia. Tazameni inavyopanda yenyewe, polepole, bila kukwama, mpaka juu. Nawarudishia tena muione vizuri, maana hapo ndipo penye mada yetu yote ya leo. Mimi nimeendesha miezi kadhaa na ile ya kwanza, na watoto wamekaa nyuma.

Wengi tunadhani shokapu, au shokomzoba kama wengine mnavyoita, ndiyo inayobeba gari. Hapana. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani mna oili na pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Gari ikipiga tuta, oili inalazimika kupenya pale kwa shida, na ule mdundo unaishia kuwa joto. Oili ikivuja au vali zikichoka, springi inabaki haina wa kuishika. Inanesa inavyotaka. Tairi nayo inarukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala haisikii usukani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema shokapu ni mambo ya starehe, mkatalie.

Ubaya wake ni kwamba zinakufa kidogo kidogo, na wewe unazoea kidogo kidogo. Mimi nilishtuka safarini, Dar kwenda Iringa, karibu kilomita 500. Kwenye matuta ya Mikumi gari ilikuwa ikishavuka tuta inanesa mara tatu, nne, ndipo itulie. Nikajipa moyo, nikasema ni mzigo. Mbele ya safari nikakuta rasta, yaani vile vituta vidogo vilivyofuatana barabarani, kwenye kona, nikakanyaga breki kawaida tu, si kwa nguvu. Pua ikainama, mkia ukawa mwepesi, gari ikateleza kuelekea upande wa pili wa barabara. Kulikuwa hakuna gari linalokuja. Nilisimama pembeni pale, nikashuka, nikawaangalia watoto wangu, sikuongea na mtu kama dakika kumi.

Na sasa niseme kilichoniuma: shokapu hizo nilikuwa nimezibadilisha miezi minne tu nyuma yake. Nilinunua mtumba wa Japani, pea ya mbele, zimefutwa vizuri, zinang'aa, muuzaji akaniambia "hizi ni orijino, hazijachoka". Neno orijino lilikuwa la kweli. Hilo la kutochoka ndilo tulifikirie pamoja. Ist hii ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Maana yake hata ile ya mwisho kutoka kiwandani, shokapu iliyozaliwa nayo imeshapita miaka 15. Sili, yaani ule mpira unaozuia oili isivuje, imekauka. Watengenezaji wenyewe wanashauri shokapu zikaguliwe au zibadilishwe zikifika kama kilomita 80,000. Ya mtumba hujui imetembea ngapi, na ukiifuta oili kwa kitambaa dukani hakuna atakayejua kuwa inavuja. Injini ya mtumba nitanunua. Taa, mlango, bampa, nitanunua. Shokapu ya mtumba sinunui tena.

Kuna wanaotoboa shokapu kuukuu, wanajaza oili, wanaziba kwa kuchomelea. Sikushauri kabisa. Vali zilizochoka zimebaki zilezile, na oili waliyojaza si ya uzito ule.

Nilichofunga safari hii ni KYB, zile ambazo mafundi wetu wanaziita Kayaba, aina ya Excel-G. Ni za gesi, na kampuni hiyo ya Japani inawatengenezea shokapu hata viwanda vya magari. Za Toyota zenyewe zipo, ni nzuri, ila bei yake kwa gari ya umri huu naona inaniumiza bure. Jihadharini tu, feki zimejaa. Usinunue kwa kutazama boksi. Nenda na namba ya chasisi, linganisha namba iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu na iliyo kwenye boksi, kisha fanya kama nilivyofanya hapa mezani: ikandamize, uone kama inapanda yenyewe. Muuzaji akikukatalia kuifungua, ondoka.

Nunua pea. Ukibadilisha ya kulia na ya kushoto ibadilishe, la sivyo upande mmoja utakuwa mgumu na mwingine mlegevu, na gari itakuvuta ukifunga breki. Na pesa yako usiimalizie kwenye shokapu. Weka na mauntini mpya (kile kikalio cha juu kinachoishika shokapu kwenye bodi), raba ya kuzuia kugonga, na kava la vumbi. Vitu vidogo, lakini mauntini mbovu itakufanya useme shokapu mpya ni mbovu.

Hapa kwenye kufunga naomba usimame karibu na fundi. Akishika hii fimbo inayong'aa kwa plaizi ili nati isizunguke, mzuie. Sogeeni kamera muone: hii ndiyo ile ya mtumba, mnaona mikwaruzo hii mitatu hapa? Kila fimbo ikiingia, mikwaruzo hiyo inakula sili kama msasa. Miezi minne yangu iliishia hapo. Springi nayo ibanwe kwa kibanio chake, si kwa waya, maana ikifyatuka inaua mtu. Ukimaliza, kapime alaimenti, yaani mkao wa matairi, siku hiyohiyo.

Wanaoweka spesa kuinua gari: kama shokapu zako zimekufa, spesa haziponyi chochote, zinaongeza kuyumba tu.

Baada ya kufunga, kilomita 200 za kwanza niliona gari ngumu kidogo. Sasa imekaa. Tuta moja, mnyanyuko mmoja, imetulia. Breki nakanyaga na pua haizami. Mlio wa "ko ko ko" upande wa kushoto umebaki, na huo si kosa la shokapu, ni linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachoshika nondo ya kuzuia gari isilalie upande, nimeshaiagiza.

Nimeanza na mbele kwa sababu ndiko kulikokuwa kubaya zaidi na hela ilitosha pea moja. Nyuma ni rahisi, shokapu imekaa peke yake na springi peke yake, huhitaji kubana chochote. Boliti ya chini tu ndiyo imeshika kutu. Nimeipulizia mafuta tangu jana, Jumamosi tunaifungua.