Kando ya mto Loire kwa baiskeli ya mbio: anzia magharibi

Wenzangu wa baiskeli mnaouliza ni wapi Ulaya mtu anaweza kukanyaga kutwa nzima bila milima na bila malori ya kumsukumia pembeni, jibu langu ni bonde la mto Loire, katikati ya Ufaransa, kipande cha Saumur hadi Orléans. Ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Na neno langu la kwanza kwenu ni hili: msishuke na mto, pandeni nao.

Waelekezi wengi humwanzisha msafiri mashariki wakampeleka baharini, kwa hoja kwamba huko ndiko maji yanakoteremkia. Hoja hiyo haina uzito. Kutoka Orléans hadi Atlantiki mto unashuka chini ya mita mia moja, tena kwa mamia ya kilomita, na hakuna mguu unaoweza kuhisi mteremko wa namna hiyo. Mguu unachohisi ni upepo. Katika bonde hili upepo mara nyingi hutoka magharibi, baharini, na ukiwa juu ya tuta la mto hakuna ukuta wala msitu wa kukukinga. Ukienda nao, gia kubwa inazunguka yenyewe na unafika mjini mchana ukiwa na nguvu za kutembea. Ukienda dhidi yake, unainamisha kichwa saa nyingi na huoni hata hicho ulichokuja kukiona. Kuna siku za kiangazi, hasa hewa ikiwa kavu, ambapo upepo hugeuka ukatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo tazama utabiri usiku wa kuamkia safari. Lakini kama unapanga miezi kabla, panga kutoka Saumur.

Njia yenyewe inaitwa La Loire à Vélo. Ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins, mto unapoingia Atlantiki. Sehemu yake kubwa ni kipande cha EuroVelo 6, njia ndefu inayovuka bara zima hadi Bahari Nyeusi. Kuipita ni bure. Vibao vyake nimevipenda mno: kila njia panda utakuta kimoja, na unaweza kwenda siku nzima bila kutoa simu mfukoni. Ila njia hii iliwekwa kwa ajili ya watu wote, familia zenye watoto wadogo, wazee wenye baiskeli za umeme, watu waliofunga mahema nyuma. Ndiyo maana haina lami kila mahali. Lami inakatika, unaingia kwenye changarawe iliyoshindiliwa au njia ya shambani, halafu lami inarudi. Kwa tairi nene hilo si neno. Kwa baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25, changarawe ile baada ya mvua inachosha na mwendo unakatika kila mara. Weka tairi za milimita 28 kama fremu yako inazikubali, 32 ni bora zaidi, na ubebe tyubu mbili za akiba pamoja na pampu.

Kisha nunua ramani ya karatasi ya Michelin ya eneo hilo, hata kama una ramani kwenye simu. Barabara nyekundu ni za magari, za njano ni za wastani, nyeupe ni zile ndogo. Nyeupe ndizo zetu. Nyingi zina lami nzuri, zinaunganisha kijiji na kijiji, na unaweza kwenda muda mrefu ukipishana na trekta moja tu na gari la posta. Mimi hufuata vibao vya Loire à Vélo palipo na lami, na changarawe inapoanza nahamia barabara nyeupe iliyo jirani, kisha narudi mtoni mbele. Uhuru huo wa kutoka na kuingia ndio unaonifanya nilipende bonde hili kuliko njia za mifereji, ambako ukishaingia umeingia. Barabara moja ya kuiepuka ni D952, inayofuata ukingo wa kaskazini kwa masafa marefu. Kwenye ramani inavutia kwa sababu imekaa ubavuni mwa maji, lakini magari ni mengi na yanakwenda kasi.

Madereva kwa jumla wana adabu. Sheria inawataka wakuachie mita moja na nusu wanapokupita nje ya mji, mita moja mjini, na wengi husubiri nyuma hadi barabara iwe wazi. Cha kuwa macho nacho ni vijiji visivyo na alama kwenye njia panda: hapo anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita kwanza, hata akitoka kwenye kichochoro. Punguza mwendo. Usiku, au ukungu ukishuka nje ya miji, kizibao chenye kung'aa ni lazima kisheria.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni Saumur hadi Tours. Mwanzo wake una vilima vifupi, maana njia inapanda kidogo kwenye mashamba ya mizabibu. Pale Souzay inapita kwenye mtaa uliochimbwa ndani ya mwamba, nyumba zenye milango na madirisha yaliyochongwa kwenye jiwe jeupe liitwalo tuffeau. Jiwe hilohilo ndilo lililojenga majumba ya wafalme bonde zima, na mapango yaliyobaki baada ya kulichimba leo yanahifadhi mvinyo na kuoteshwa uyoga. Teremka baiskeli, tembea nayo humo taratibu. Baada ya Montsoreau unafika Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapoingia Loire. Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, alifia hapo mwaka 397. Simama juu, utaona maji ya mito miwili yakienda sambamba kabla ya kuchanganyika.

Ukishapita Ussé, na jumba lake la minara mingi lililosimama ukingoni mwa msitu, mambo yanatulia kabisa. Kuelekea Bréhémont unapanda juu ya tuta lenyewe. Matuta haya yalianza kujengwa zama za kati ili kuzuia mafuriko, na yakaendelea kuinuliwa karne baada ya karne. Kushoto kwako ni mto wenye visiwa vya mchanga, kulia ni kijiji kilichokaa chini ya usawa wa barabara, hivi kwamba unaendesha kama uliye juu ya mapaa ya watu, ukiona bustani zao za mboga, nguo kwenye kamba, mbwa aliyelala. Tazama kuta za nyumba za zamani: utakuta mistari iliyochongwa na miaka pembeni, 1846, 1856, 1866. Hayo ni mafuriko makubwa matatu ya karne ya 19, na mstari unaonyesha maji yalifika wapi. Mmoja nilioupata ulikuwa juu ya kichwa changu. Nilisimama pale muda mrefu nikiutazama mto uliokuwa umelala chini, maji machache, ndege wakipiga mbizi kati ya mafungu ya mchanga, na nikaelewa kwa nini watu hawa walijenga tuta refu namna ile. Usidanganywe na utulivu huo ukaingia kuogelea. Mchanga unahama, mikondo ni ya hatari, na watu hufa.

Villandry panataka nusu siku kwa ajili ya bustani zake, hasa ile ya mboga iliyopangwa kwa miraba ya rangi. Kutoka hapo unafuata mto Cher hadi Tours, tambarare tupu.

Tours hadi Blois nitakuwa mfupi. Panapendeza, ila si tambarare kama wengi wanavyosema. Njia rasmi inapanda kwenye uwanda wa mizabibu baada ya Montlouis, na tena kati ya Amboise na Chaumont. Hakuna kilima cha kukuvunja moyo, lakini ukiwa na mizigo utakisikia. Amboise ndiko Leonardo da Vinci alikofia Mei 1519, katika nyumba ya Clos Lucé aliyopewa na mfalme François wa Kwanza. Mji hujaa watalii, kwa hiyo fika asubuhi na mapema.

Mwaka huohuo wa 1519 ndipo mfalme huyo alipoanza kujenga Chambord, na baada ya Blois utapita Saint-Dyé, bandari ndogo ya mtoni ambako mawe ya jumba hilo yalishushwa kutoka kwenye mashua. Hapo uache mto, wewe uingie Chambord. Jumba limezungukwa na hifadhi yenye ukuta wa kilomita 32, na ndani yake kuna barabara za lami zilizonyooka katikati ya misitu. Alfajiri, kabla ya mabasi ya watalii, nilikuwa na barabara ile peke yangu na jumba likajitokeza mwisho wake lenyewe. Sijawahi kuendesha mahali palipo kimya namna ile.

Kutoka hapo unarudi mtoni, unapita mbele ya minara ya kinu cha nyuklia cha Saint-Laurent (kuna wanaoona kinaharibu mandhari, mimi kilinisaidia kujua nimefika wapi), unavuka daraja la kale la mawe la Beaugency, na Orléans haiko mbali.

Mwenye kiu ya utambarare zaidi aache bonde hapo Beaugency aelekee kaskazini, uwanda wa Beauce. Ni ngano hadi upeo wa macho, barabara zilizonyooka, maghala ya nafaka na mitambo ya upepo. Ukisogea kuelekea Chartres utaona minara ya kanisa kuu ikitoka kwenye ngano kabla hujauona mji. Hakuna gari, na hakuna kivuli pia. Vijiji viko mbali mbali na duka ni nadra. Beba chupa mbili za maji na usiende siku ya upepo mkali.

Maji kwa kweli ndilo swali linaloulizwa sana, na jibu la waendesha baiskeli wa Ufaransa ni makaburini. Makaburi mengi ya vijijini yana bomba la kumwagilia maua, mara nyingi karibu na lango. Kama hapakuandikwa kwamba maji si ya kunywa, jaza chupa yako kwa heshima, funga bomba vizuri, uende. Chakula kinataka mpango zaidi. Maduka ya vijijini hufungwa saa sita na nusu mchana na kubaki hivyo saa mbili au zaidi, Jumapili alasiri kumekufa, na Jumatatu waokaji wengi wa mikate hupumzika. Nunua asubuhi. Anayekula halali ajue kwamba rillettes, ile nyama ya kupaka kwenye mkate inayouzwa kila kona huku, kwa kawaida ni nguruwe. Mimi nimeshiba kwa mkate na jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, mviringo mrefu wenye bua la nyasi katikati na majivu juu yake, pamoja na nyanya na matunda ya msimu. Na ukiingia duka lolote, anza na bonjour kabla ya kutaja unachotaka. Bila salamu hiyo utahudumiwa kwa uso mkavu, na kwetu sisi tuliolelewa kwa shikamoo na hodi jambo hilo halihitaji kufafanuliwa.

Malazi: tafuta yenye alama ya Accueil Vélo. Nyumba zenye alama hiyo haziko zaidi ya kilomita tano kutoka njiani, na zinatakiwa kuwa na mahali salama pa baiskeli pamoja na vifaa vya matengenezo madogo. Hata hivyo piga simu uulize chumba cha baiskeli kina kufuli. Nyumba moja niliyolala, isiyo na alama hiyo, ilinionyesha ua ulio wazi kwa barabara, na baiskeli ikalala nami chumbani. Kwa wanaotoka mbali bila baiskeli, za kukodi zipo katika miji yote mikubwa, na baadhi ya wakodishaji wanakuruhusu kurudisha mji mwingine. Ila nyingi ni za matembezi, nzito, na za mbio ni chache. Agiza mapema ukitaja urefu wako.

Msimu mzuri kwangu ni Juni na Septemba. Julai na Agosti joto linaweza kuwa kali na vyumba vinajaa.

Kwenda Saumur, chukua treni ya kasi, TGV, kutoka Paris hadi Angers au Tours, kisha treni ya mkoa, TER. Kwenye TGV nafasi ya baiskeli nzima inawekwa pamoja na tiketi na ni chache mno. La sivyo toa magurudumu uifunge ndani ya begi, ihesabiwe kama mzigo. Majira ya kiangazi kuna treni kando ya mto, kutoka Orléans kuelekea Nantes na pwani, zenye nafasi ya ziada ya baiskeli, kwa hiyo aliyechoka njiani anaweza kupandia karibu popote. Kurudi kutoka Orléans hadi kituo cha Austerlitz, Paris, ni kama saa moja. Angalia tu kama siku hiyo treni inataka nafasi ya baiskeli iwekwe kabla.